Fundi Aliyekufa Sehemu ya Sita

Wifi yangu alitunza kanda za televisheni kwa miaka ishirini na miwili, na ukiondoa miezi minne ya mwanzo, yote iliyobaki aliitumikia kama kifungo. Hakuna aliyemfunga. Alijifunga mwenyewe, kwa gundi na pasi, Jumatatu moja asubuhi. Mimi ni dada wa mumewe, mwalimu wa hesabu niliyestaafu, na kumsema ni haki yangu. Wifi asiyesemwa na wifi yake ujue hapendwi. Ila haya nayasema kwa ruhusa yake, na mahali pengine nitajisema mwenyewe, maana ujinga wa jambo hili tuligawana nusu kwa nusu.

Chumba cha kanda kilikuwa chini kabisa ya jengo la stesheni, hakina dirisha hata la panya kuchungulia. Kanda hazipendi joto, kwa hiyo kiyoyozi kilinguruma mwaka mzima, na wifi alivaa sweta hata siku ambazo watu wa juu walikuwa wakijipepea kwa madaftari. Mlango ulikuwa wa chuma na ulikwama. Kutoka ilibidi uupige teke chini, upande wa kushoto, na rangi ya pale ilikuwa imeisha kwa viatu vyake.

Kanuni za kazi zilikuwa chache na ngumu. Kanda haikai sakafuni. Kanda iliyopoteza lebo haibandikwi nyingine mpaka itazamwe, na fomu isainiwe na wakubwa watatu. Na mtunzaji akihama au akistaafu, anakaa na anayempokea kijiti, wanatazama mwanzo wa kila kanda, moja baada ya nyingine, bila kuruka. Hayo waliyaita makabidhiano. Hayo makabidhiano ndiyo yaliyokuja kuwa kufuli lake.

Mwezi wake wa nne kazini, bado yuko kwenye kipindi cha majaribio, iliingia tamthilia mpya iitwayo Ngazi za Nyuma, sehemu kumi na sita za nusu saa. Ilikuwa habari ya wapangaji wa nyumba moja ya ghorofa, na fundi cherehani aliyeshonea chini ya ngazi. Mtu mpole, tepu ya kupimia shingoni, kila mpangaji alimpelekea suruali ya kupunguza na siri ya kutunza. Makasha ya kanda yalifika Ijumaa saa ya kutoka. Rafu zilikuwa zimejaa. Wifi akayabana matatu juu, kumi na matatu akayaacha sakafuni, akijiambia Jumatatu si mbali.

Jumapili bomba la dari likapasuka. Alipofungua mlango Jumatatu alikuta maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Kanda zenyewe, ndani ya makasha ya plastiki, zilikuwa salama. Lebo ndizo zilizobanduka zote, zinaelea kama maganda ya vitunguu. Mwenye akili timamu angekwenda kusema. Lakini kusema kungeanza na "niliziacha sakafuni", na hilo lilikuwa kosa la kufukuzwa, na kaka yangu wakati huo alikuwa hana kazi, anashinda nyumbani akitengeneza redio isiyoharibika. Mashine ya kutazamia kanda ilikuwa kwenye matengenezo. Basi wifi akaazima pasi chumba cha mavazi, akazipiga pasi lebo kumi na tatu mpaka zikakauka, akazibandika kwa kukisia. Hesabu yake ilikuwa kwamba kasha lililolowa zaidi lilikuwa chini, la chini ndilo lililowekwa kwanza, na lililowekwa kwanza lina nambari ndogo. Angekuwa mwanafunzi wangu ningempa alama mbili za kujaribu.

Kila kanda ilianza na kibao kilichoandikwa kwa chaki nambari ya sehemu. Kilionekana sekunde chache tu, na ilikuwa kazi ya wifi kuipeleka kanda mbele, ipite kibao, kabla ya kuipandisha ghorofani irushwe hewani. Wiki tatu za kwanza zilikuwa zamu ya zile kanda tatu za rafuni, zenye lebo zao, na kwa kuwa mashine haikuwepo kibao kilipitishwa hukohuko juu; mambo yalikwenda sawa. Wiki ya nne, mashine ikiwa imerudi, alitia kanda yenye lebo ya nne, na kibao kikamwambia tisa. Zilikuwa zimebaki dakika kumi. Akaipeleka mbele, akaipandisha. Na ukishanyamaza Alhamisi moja, Alhamisi inayofuata huna mdomo wa kusemea.

Utauliza wenye tamthilia walikuwa wapi. Mwongozaji alikuwa ameshaondoka masomoni, na mtunzi alikuwa mwalimu wa chuo kimoja cha mbali ambako mawimbi ya stesheni hayakufika. Wengine pale walisoma lebo, na lebo zilikuwa zimebandikwa vizuri.

Wiki zile tatu za mwanzo hakuna aliyeijali Ngazi za Nyuma. Nyumbani kwangu ilikuwa nusu saa ya watoto kuoga. Wiki ya sita fundi akateleza kwenye ngazi akafa, wapangaji wakamzika kwa vilio, nasi tukasema haya, ndiyo mambo ya televisheni. Wiki ya saba fundi huyohuyo akawa amekaa chini ya ngazi, pini mdomoni, anampima mtu kiuno. Wala hakuna mpangaji aliyeshangaa.

Ijumaa ile hakuna aliyefundishwa shuleni kwetu. Walimu tulijifungia tukibishana. Mmoja alisema fundi ana pacha. Mwingine, ni mzimu na wapangaji wote wamekufa pia, ndiyo maana hawashangai. Mwalimu mkuu akasema yote ni ndoto ya mama mwenye nyumba. Mimi, Mungu anisamehe, nilichora jedwali ubaoni, sehemu kwa sehemu, na kuthibitisha kwamba ndani ya nyumba ile wakati unakwenda kwa mduara. Nilipigiwa makofi. Kwa kinyozi watu waliweka daftari la kuandika dalili. Barua ziliingia stesheni kwa magunia. Tamthilia ikarudiwa, ikarudiwa tena, kila mwaka. Wapenzi wake wakajiita Wana-Ngazi, wakawa wanakutana ukumbini wakiwa wamejivika tepu za kupimia shingoni. Wakachapa kijitabu cha nadharia kumi na saba. Ya tano inaitwa Nadharia ya Mwalimu. Mwalimu ndiye mimi.

Nimelifikiri sana jambo hili, na naliona hivi. Tamthilia iliyokamilika mtu huitazama, akaridhika, akaenda zake. Iliyotoboka ndiyo inayopendwa kufa na kupona, kwa sababu kila mtu anakuja na kiraka chake, na hakuna anayependa nguo kama aliyeitia kiraka kwa mkono wake. Sisi hatukuipenda Ngazi za Nyuma. Tulijipenda wenyewe tulivyokuwa na akili mbele yake.

Na huku chini, mwenye kutoboa amekaa na sweta lake. Mwaka wa tatu alipewa uhamisho wa kwenda maktaba ya ghorofa ya pili, chumba chenye madirisha manne. Alirudi nyumbani akiimba. Kesho yake akakumbuka makabidhiano, vile vibao kutazamwa kimoja kimoja na mtu mwingine, na kuzirudisha lebo kimyakimya hakungefaa, kila mtazamaji alishajua fundi anakufa wiki ya sita; akaenda kuukataa uhamisho mwenyewe. Kaka yangu akatuambia mkewe anaipenda sana kazi. Mwaka wa tisa ukaja uhamisho mwingine. Safari hii Mkuu wa stesheni ndiye aliyeuzuia, akasema hakuna anayezijua kanda za Ngazi za Nyuma kama mama huyu, huyu ndiye mlinzi wa hazina. Kikohozi cha vumbi kikamkaa kifuani. Tulipokutana naye sikukuu na harusini, mimi na nadharia yangu ya tano, alinisikiliza akitabasamu kidogo, nami nikadhani ananionea wivu wa kusoma.

Ikabaki miezi mitatu astaafu. Makabidhiano sasa hayakwepeki, na usingizi ukamhama. Mwezi huohuo stesheni ikatangaza kwamba Jumamosi ya kuadhimisha kuanzishwa kwake itarusha sehemu zote kumi na sita mfululizo, kuanzia asubuhi, Wana-Ngazi wakitazama pamoja ukumbini. Mtunzi alialikwa awe mgeni wa heshima. Jumanne kabla ya siku yenyewe alishuka ngazi hadi chumba cha kanda, mzee mrefu mwenye bahasha kwapani, mlango ukakwama nyuma yake.

"Karibu, mzee. Usiogope, mlango ndivyo ulivyo," wifi alimwambia.

"Ahsante, mama. Namtafuta mtu aliyepanga sehemu za Ngazi za Nyuma. Mimi sikuzipanga hivyo."

"Si wanasema ni wewe?"

"Wanasema, na mimi niliwaacha waseme. Niliporudi kutoka kule chuoni nilikuta nasifiwa. Wananiuliza fundi amerudi vipi, nawajibu, nyinyi mnaonaje? Wakasema nina kina." Alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Tangu hapo sijaandika kitu. Ningeandika nini? Kuna mtu humu ndani aliichukua kazi yangu, akaipangua, ikawa kubwa kuliko mimi. Sina ugomvi naye. Nataka nimuulize tu aliwezaje."

Wifi angeweza kusema mtu huyo alishakufa. Ananiambia maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi. Badala yake aliinuka, akatoa kasha lenye lebo ya sita, akaitia kanda kwenye mashine, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakuipeleka mbele. Kibao kikatokea. Kumi na nne, kwa chaki.

Mzee alikitazama. Wifi akamweleza yote akiwa amesimama, sakafu, bomba, lebo, kukisia.

"Pasi?" mzee akauliza.

"Pasi, mzee. Ya chumba cha mavazi."

Alisubiri afokewe. Anasema angefurahi kufokewa.

"Kwa hiyo hakuna aliyenizidi," mzee alisema. "Miaka ishirini na miwili nimeliogopa bomba."

Kisha akamweleza fundi alikuwa nani. Alikuwa kaka yake mkubwa, aliyemsomesha kwa cherehani, chini ya ngazi za nyumba ya watu. Aliteleza kwenye ngazi hizo akafa wakati mdogo wake yuko mbali kwenye mtihani, akazikwa bila yeye. "Nikasema nitamzika kwa njia ninayoijua. Sehemu kumi na tatu watu wampende. Ya kumi na nne afe. Mbili za mwisho nyumba ikae bila yeye, mtu aje na suruali yake asimkute. Hizo mbili ndizo nilizoziandikia zile nyingine zote. Sasa kila ninapokwenda nakuta watu wamevaa tepu yake wanacheka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunipa pole."

Siku hiyo wifi alipitia kwangu kabla ya kwenda kwake, akanimwagia yote jikoni, mwiko mkononi mwangu. Nami nitasema ukweli, kitu cha kwanza kilichoniuma ni jedwali langu.

"Ulinisikiliza miaka yote hii nikieleza mduara wa wakati," nikamwambia, "na ulikuwa unajua ni maji ya bomba?"

"Ulikuwa unaeleza vizuri, wifi."

"Nilikuwa naeleza mbele ya watu!"

Akacheka mpaka akakohoa, na kukohoa kukageuka kulia. Nikauweka mwiko chini. Nilimuuliza anataka nini. Akasema anataka yule mtu afe siku yake, mara moja tu, kabla hajatoka mule chini.

Alhamisi alikwenda kwa Mkuu. Hakuungama, alisema mtunzi angependa Jumamosi kazi yake ionyeshwe kwa mpangilio alioandika, fundi afe karibu na mwisho na asirudi. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti.

"Mama, watu hawaipendi hadithi," alimwambia. "Wanapenda kubishana. Fundi akifa akabaki amekufa, watabishana nini?"

"Huenda wakalia, mkuu."

"Waliolia hawarudi mwaka unaofuata." Akamshukuru kwa utumishi wake na kumkumbusha aandae makabidhiano.

Ijumaa mchana, watu wakiwa kwenye chakula, wifi alibandua lebo kumi na tatu na kuziweka mahali pake. Safari hii hakuhitaji kukisia; vibao vilimwelekeza. Moja akaibandika upande, akaiacha hivyohivyo. Jumamosi asubuhi akayapandisha makasha yote kumi na sita kwa mkokoteni, akamkabidhi mrusha matangazo, akashuka, akajifungia.

Mimi nilikuwa ukumbini, mstari wa tatu, tepu shingoni kama wenzangu. Mkuu alikaa mbele na mtunzi. Sehemu tatu za kwanza zikapita. Ya nne ilipoanza kukawa na minong'ono, vijitabu vikafunguliwa, watu wakatazamana. Mkuu akashika simu. Lakini kijana mmoja akasimama akasema wametuletea mpangilio mpya, zawadi ya maadhimisho, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Mkuu akairudisha simu mfukoni na kuinua mkono kupokea shukrani.

Saa zikaenda. Kidogo kidogo watu waliacha kuandika. Kwa mara ya kwanza ilikuwa habari inayokwenda mahali: siri hii inazaa ile, huyu anamdanganya yule na sisi tunajua, na fundi katikati anawashonea wote. Niliwaona watu wazima wanamtabasamia mtu wa kwenye televisheni. Ya kumi na nne akateleza. Wana-Ngazi wakapiga miluzi, ndiyo desturi yao pale anapoanguka. Akazikwa. Ya kumi na tano mwanamke akashuka na suruali ya mumewe, akakuta kiti kitupu, akasimama nayo mkononi hajui aipeleke wapi.

"Anakuja," alisema mtu nyuma yangu.

Hakuja. Ya kumi na sita mama mwenye nyumba alifagia chini ya ngazi, akaokota pini moja, akaichomeka kwenye ukosi wa gauni lake. Ikawa mwisho. Taa zikawaka. Nilivua tepu nikaiweka mkobani. Nikaenda mbele nikampa mzee yule mikono yangu yote miwili.

"Pole kwa kufiwa," nilimwambia.

"Ahsante, mwalimu," alisema. "Alikuwa kaka yangu." Alilia bila kujificha, nami nikalia naye, na wawili watatu wa mstari wa mbele wakasogea wakatoa pole, hawajui ya nini hasa ila wameona msiba.

Waliobaki walikasirika. Kijana wa zawadi ya maadhimisho alisema tumeibiwa. Wengine walidai stesheni imemuua fundi makusudi, na simu zikapigwa mpaka mrusha matangazo akachomoa waya. Kufikia Jumapili stesheni ilikuwa imeomba radhi kwa "hitilafu ya chumba cha kanda".

Jumatatu Mkuu alishuka mwenyewe. Wifi hakujitetea. Alisema, "Tazama vibao, mkuu," na sasa akaungama yote tangu sakafu. Mkuu alitazama vibao vyote kumi na sita. Alitoka humo midomo imempauka. Mchana akamwita ofisini, akafunga mlango.

"Umemwambia nani?"

"Mtunzi na wifi yangu."

"Wanatosha." Akamwambia lebo zirudi kama zilivyokuwa, na kwa kuwa ni yeye tu anayezijua kanda zile, kazi hiyo ataifanya yeye. Tena, kabla ya makabidhiano, avifute vibao. Vyote. Akivifuta, habari ya sakafu na bomba haitaandikwa popote, na atastaafu kwa heshima zake. Ila kwa kosa la Jumamosi lazima iwepo barua, maana watu wanataka kuona kuna aliyeadhibiwa.

Nilimwambia akatae. Nilisema maneno makubwa, mimi nisiye na cha kupoteza. Wifi alinitazama kama mtu anayetazama mvua kupitia kioo.

"Nikikataa watamleta mwingine avifute," alisema. "Naye hatajua anafuta nini."

Ilimchukua siku mbili. Alibandika tena fundi afe wiki ya sita na afufuke ya saba. Akafuta chaki ya sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho, na katika ile ya kumi na nne alikitazama kibao mpaka kikapita, akairudisha nyuma, akafuta. Akakabidhi chumba kwa binti mmoja mchangamfu ambaye alisaini kila ukurasa bila kuuliza. Mwaka uliofuata tamthilia ikarudiwa kama kawaida. Kijitabu sasa kina nadharia kumi na nane. Mpya inasema Jumamosi ile ilikuwa jaribio la kuwapima imani Wana-Ngazi wa kweli. Nilisimama ukumbini nikawaeleza habari ya bomba na pasi, neno kwa neno. Walinipigia makofi, wakaniuliza kama naweza kuiandika iwe ya kumi na tisa.

Barua ya onyo ilikuwa ya ukurasa mmoja, yenye muhuri wa stesheni na saini ya Mkuu. Wifi aliificha chini ya godoro kwa aibu. Mtunzi alipokuja kumjulia hali aliiomba aisome, na alipomaliza akauliza kama anaweza kupata nakala. Nilikwenda kuitoa mimi mwenyewe, dukani, nakala mbili. Ameitia kwenye fremu ukutani kwake, karibu na picha ya kaka yake, na mgeni akiuliza humwonyesha mstari wa nne, ambapo mtunza kanda anaonywa vikali kwa uzembe, kwa kuwa siku ya Jumamosi alisababisha kifo cha fundi kionyeshwe katika sehemu ya kumi na nne, na fundi huyo hakuonekana tena.